Sindano ya Mizani

Mimi ni karani wa mizani hapa Mwaloni, Kirumba,
mwaka wa ishirini na mbili naitazama sindano.
Bei usiniulize, bei anayo Nkwimba.
Mimi niulize: imetulia?

Alhamisi ile Nkwimba alikuja na simu tatu
na mpwawe Ngollo, fundi wa Makoroboi,
kijana asemaye kama anayemwaga mtama.
Magunia arobaini ya dagaa yalikuwa ya Nabintu wa Bukavu,
na Nabintu alikubali kulipa kwa blokcheni,
minyororo isiyo ya chuma, ya hesabu,
kila kitalu kimeshika kiuno cha kilichotangulia.

"Minyororo iko mingi," Ngollo akasema, "na haikimbii sawa.
Leo atume kwa mitatu, kiasi kilekile, dakika ileile.
Karani, andika."

Nikageuza daftari la uzito, nikaandika kwa nyuma.
Majina yake ya kizungu yalinishinda,
nikaipa ya kwetu: Sangara, Sato, Kamongo.
Nikachora safu ya kasi, na safu ya ada.
Nikachora ya tatu, nikakosa la kuandika juu yake.

Gunia la kwanza lilikuwa bado begani kwa mpagazi
Sangara alipolia: ti!
Ada yake hainunui njiti ya kiberiti.
"Maelfu kwa sekunde!" Ngollo akaruka,
na kuku wa mama ntilie wakaruka naye.

Gunia la pili, Sato.
Lakini siku hiyo kwa Sato kulikuwa na foleni,
na mwenye haraka analipia haraka yake:
ada ikala wali, ikala na maharage.

Kamongo, kimya.
Gunia la kumi, kimya. La ishirini, jasho tu.
La thelathini na moja, akatoa pumzi moja.
"Hiyo ni ya kwanza," Ngollo akasema, kama anayeomba radhi.
"Wenyewe husubiri sita ndipo waamini."
Nkwimba akacheka mpaka khanga ikamdondoka:
"Huyo mwachieni matope yake!"

Basi salio lote, Nabintu akalituma kwa Sangara.

Saa sita mchana. Lori limeshafungwa turubai,
dereva anapiga honi, anataka kuvuka daraja la Busisi mapema.
Simu haikulia.
Minara imejaa, bando lipo.
Ngollo akazima, akawasha, akazima.
Kisha akasema polepole, mara ya kwanza tangu nimjue:
"Umesimama. Si kwetu tu. Wote.
Mashine zinazouthibitisha zimeshindwa kuafikiana."

Sangara tunamjua hapa.
Hakuna mwenye mbio kama yeye, wala mwenye kutaka hewa nyingi;
mtoe majini, hamalizi hata sala fupi.
Na kamongo tunamjua:
ziwa likirudi nyuma, hujizika topeni, akapumua.
Kwenye simu ya tatu kitalu kingine kilikuwa kimefungwa.
Hakuna aliyekitazama, ila mimi.

Saa tisa Sangara alifufuka. Pesa ikaingia yote,
sekunde mbili, kama hakijatokea kitu.
Nkwimba akaenda kwa wakala aitoe.
Wakala, bila kuinua macho kwenye sahani yake ya ugali:
"Floti imeisha, mama. Jaribu Pasiansi."

Ngollo akanijia na daftari: "Karani, nani kashinda?"
Nikamwambia Sangara amefika mbele.
Sikusema kashinda.
Kwenye safu ya tatu nikaandika *kutulia*,
chini yake nikaacha wazi, sikuwa na namba.

Mpagazi alipita akaigusa mizani kwa goti.
Bamba tupu, na sindano inacheza,
sifuri, mbili, sifuri, moja na nusu.
Mteja mwingine alishaanza kusoma kwa sauti.
Nikamwinulia kiganja.